Lomami: kisiwa kisicho na ziwa, na watu wanaohesabu wanyama wake

Kila mwaka uwindaji unapofungwa katika jimbo letu la Maniema, maswali yanarudi yaleyale. Kwa nini kijana anayesukuma kinga yenye mizigo ya nyama ya kukaushwa anasimamishwa njiani? Nani aliamua hivyo, na lini? Na wale waliofika hapa Kindu juzi tu wakikimbia vita, ambao hata jina la mto Lomami hawakuwahi kulisikia, watajuaje kwamba pori fulani lina mpaka na lingine halina? Wapendwa wasikilizaji na wasomaji, leo nataka kujibu kwa njia ya historia, maana sheria ambayo mtu hajui ilitoka wapi huonekana kwake kuwa ukali tu.

Tuanze na maji. Hapa mjini tunaishi kando ya Lualaba. Mtu akitoka Kindu akaelekea magharibi, baada ya safari ndefu atakuta mto mwingine, Lomami, ambao nao unashuka kuelekea kaskazini kama ndugu wa Lualaba, hadi unapoingia katika mto Kongo pale Isangi. Akivuka Lomami na kuendelea magharibi tena, atafika kwenye maji ya Tshuapa, ambayo yenyewe yanageuka na kwenda upande wa Mbandaka. Watafiti walichukua herufi za kwanza za mito hiyo mitatu, Tshuapa, Lomami na Lualaba, wakaliita eneo lote TL2. Wakaaji wa huko hawakuhitaji jina hilo, kila kijiji kina jina la pori lake. Lakini jina la TL2 lina maana yake, kwa sababu linasema jambo la kweli: mito ndiyo inayopanga nani anaishi wapi.

Kima wengi hawaogelei mto mkubwa. Sokwe naye haogelei. Kwa hiyo mto mpana, kwa mnyama wa pori, ni kama bahari. Mfano mzuri uko karibu kabisa na sisi. Sokwe wanaishi upande wa kuume wa mto Kongo na Lualaba, ule upande wa Alunguli ukiendelea mpaka Lubutu na Walikale. Bonobo, ndugu yake sokwe, anaishi upande wa kushoto tu, na hakuna nchi nyingine duniani yenye bonobo wa porini isipokuwa Kongo yetu. Walitengana zamani sana, na mto ukabaki katikati yao. Basi pori lililo kati ya mito hii ni kisiwa, ingawa ukilitazama kutoka juu huoni kisiwa, unaona miti tu.

Wale waliotoka Goma wanajua kisiwa cha kweli cha wanyama na ndege, Tchegera, pale kwenye ziwa Kivu, ambacho ni sehemu ya mbuga ya taifa ya Virunga. Na kule Zanzibar kuna kisiwa kidogo cha Chumbe, ambacho tangu miaka ya 1990 kinalindwa pamoja na matumbawe yake, na walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa hapohapo. Kisiwa cha namna hiyo mlinzi anakizunguka kwa mtumbwi, na mtu akija kuvua anaonekana toka mbali. Kisiwa chetu cha Lomami hakiko hivyo. Kina karibu kilometa za mraba 8,900, hakina ufuko, na mtu anaweza kuingia mahali popote kwa miguu bila kuonekana na mtu yeyote. Kwa hiyo kazi ya walinzi wake ni ya aina nyingine kabisa, na ndiyo ninayotaka tuielewe.

Lakini kwanza habari ya pembe, maana ndiyo iliyotangulia.

Sisi watu wa Maniema tunapenda kusema kwamba Kiswahili chetu ni cha zamani. Ni kweli. Lakini tukumbuke kilikuja kwa njia gani. Kilikuja na misafara iliyotoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Kasongo na Nyangwe. Misafara hiyo ilitafuta pembe za tembo, na ilitafuta watu wa kuzibeba, na watu hao wengi walikuwa watumwa. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, na mwezi wa saba wa mwaka huo aliona kwa macho yake watu wakiuawa kwa risasi sokoni, wengi wao akina mama waliokuja kuuza samaki na mihogo. Miaka mitano baadaye, 1876, Stanley alifika Nyangwe na kusindikizwa na Tippu Tip, ambaye jina lake hasa lilikuwa Hamed bin Muhammed, mwenye makao Kasongo. Pembe zilipopungua karibu na Lualaba, watu wa msafara waliingia ndani zaidi, wakafika Lomami na kuvuka. Kisha wakaja Wabelgiji wa mfalme Leopold, wakapigana na Waarabu kuanzia 1892 hadi 1894, wakashinda, na wao pia wakaendelea kukusanya pembe, na mpira juu yake. Tembo wa Lomami hakupumzika, alibadilishiwa mabwana tu.

Nasema hivi kwa sababu mara nyingi mtu anasikia kwamba uharibifu wa pori ulianza na kijana wa kijijini mwenye bunduki ya kalibre 12. Haukuanza na yeye.

Parki nazo zilikuja na ukoloni. Mwaka 1925 Wabelgiji walianzisha parki ya Albert, ya kwanza katika Afrika, ambayo leo ni Virunga. Baada ya uhuru, mwaka 1970, serkali ya Mobutu iliongeza nyingine kadhaa, zikiwemo Salonga, Kahuzi-Biega na Maiko. Maiko tunaijua, sehemu yake iko katika jimbo letu. Katika historia hiyo kuna jeraha moja ambalo ndugu zetu waliotoka Kivu ya Kusini hawahitaji kusimuliwa: kule Kahuzi-Biega Wambuti, wanaoitwa pia Batwa, walitolewa katika pori lao wakati parki ilipoanzishwa na kupanuliwa, na ugomvi wa jambo hilo haujaisha hadi leo. Basi mtu wa kijijini akisikia neno parki, kitu cha kwanza kinachomjia kichwani si mnyama. Anajiuliza: nitafukuzwa?

(Hapa niseme neno moja dogo. Kwenye radio sisi tunasema mbuga ya taifa ya Lomami, kwa sababu ndivyo Kiswahili cha Tanzania kilivyotuzoesha. Lakini mbuga ni mahali pa majani, na Lomami ni pori zito. Wazee wanaposikia mbuga wanacheka. Mimi leo nitaandika parki, kama watu wanavyosema.)

Vita vya 1998 vilikuta pori la Lomami halina ulinzi wowote. Kindu ilichukuliwa na waasi wa RCD mwezi wa kumi wa mwaka huo. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka jinsi mji ulivyofungwa: reli haifanyi kazi, barabara hazipitiki, Mai-Mai wako nje ya mji, chumvi na sabuni vimekuwa kama dhahabu. Vijijini watu walikimbilia porini, wakalala huko miezi na miaka. Walikula nini? Walikula walichokikuta. Hakuna wa kuwalaumu. Lakini baada ya vita silaha hazikurudi zote, njia za nyama zilikuwa zimeshafunguka, na mji ulikuwa na njaa ya nyama. Vijana wakachukua kinga zao, wakawa wanakwenda siku nyingi hadi kambi za wawindaji na kurudi na mizigo ya kukaushwa kwa moshi. Ilikuwa biashara ya watu wasio na kazi nyingine, na hadi leo kwa wengi ni hivyo.

Mwaka 2007 ndipo ilianza hesabu. Mabwana wawili wa utafiti, John Hart na mke wake Terese Hart, Wamarekani ambao walikuwa wameishi miaka mingi kule Ituri katika pori la okapi, walianza kupeleka vikundi vya Wakongomani kutembea TL2 kwa miguu. Hakukuwa na ramani nzuri ya wanyama wa huko. Vikundi vilitembea kwa dira, vikaandika kila alama: kinyesi, nyayo, kiota, mtego, kambi ya wawindaji, ganda la risasi. Wawindaji wa vijijini ndio walioonyesha njia, maana nani mwingine angejua? Walikuta bonobo. Walikuta okapi upande huu wa magharibi wa Lualaba, mahali ambapo wengi walidhani hayupo. Kwa watoto wengi wa Kindu Okapi ni jina la radio, wamelisikia tangu 2002 kabla ya kujua kwamba ni mnyama mwenye miguu ya mistari, tena jirani yao.

Na walikuta lesula. Mwezi wa sita wa mwaka huo wa 2007, katika mji wa Opala, jimbo jirani ambalo leo linaitwa Tshopo, waliona kima mdogo wa kike amefungwa kamba nyumbani kwa mkurugenzi wa shule ya msingi. Uso wake ulikuwa wa kushangaza: macho makubwa kama ya mtu, pua ndefu nyembamba, na manyoya kama ya mzee aliyeinua kola. Wakauliza, huyu ni nani? Wakajibiwa, ni lesula, unamjua kila mtu. Kweli, wawindaji wote walimjua. Walijua kwamba anatembea chini zaidi kuliko juu ya miti, walijua mlio wa dume wakati wa mapambazuko, walijua kwamba dume mzima ana matako ya rangi ya buluu. Sayansi ndiyo iliyokuwa haimjui. Ikachukua miaka mitano kulinganisha mifupa, ngozi na damu, na mwezi wa tisa wa 2012 lesula akatangazwa duniani kwa jina la kisayansi Cercopithecus lomamiensis. Alikuwa kima mpya wa pili kupatikana Afrika katika miaka 28. Wa kwanza alikuwa kipunji wa Tanzania.

Hapo ndipo habari ya kisiwa inarudi. Ndugu wa karibu wa lesula ni kima mwenye uso wa bundi, ambaye anaishi mashariki ya Lualaba, ng'ambo. Lesula yeye anaishi kati ya Lomami na Tshuapa, katika eneo la karibu kilometa za mraba 17,000 tu. Mito ilimtenga, akawa mtu wa kwao. Akiisha huko, hakuna mahali pengine pa kumtafuta.

Jambo kama hilo liliwahi kutokea na tausi wa Kongo. Mwaka 1913 Mmarekani James Chapin alipata unyoya mmoja kwenye kofia ya mtu kule Ituri, hakujua ni wa ndege gani, akauweka. Mwaka 1936 alikuta ndege wenyewe wawili waliokaushwa katika jumba la Tervuren, Ubelgiji, wamewekwa kando kwa jina lisilo lao. Miaka 23! Wakati wote huo wenye kofia walikuwa wanajua ndege huyo analala wapi. Mimi naona hadithi hizi mbili zinafundisha jambo moja kuhusu utafiti wa huku kwetu: elimu ya mwindaji ni ya kwanza, lakini haihesabiwi mpaka iandikwe.

Kuandika peke yake hakutoshi kuwa na parki. Iliwabidi wanaotaka parki wazunguke vijijini, upande wa Maniema katika teritwari ya Kailo na upande wa Opala, kuzungumza na Balanga, Bangengele, Mituku, Bambole na wengine, mpaka upite wapi. Katika vijiji kadhaa wazee walitaka kwanza kufanya tambiko, kuwaomba wahenga wenye pori. Mtu wa mjini anaweza kudharau. Lakini fikiri kidogo: mzee anayefanya tambiko anatamka mbele ya watu wote kwamba pori hili lina mwenyewe, na kwamba leo mwenyewe ameombwa ruhusa. Hati ya Kinshasa haina neno hilo. Na siku ambayo ahadi itavunjwa, kijiji kina ushahidi wake. Tarehe 7 mwezi wa saba 2016 parki ya taifa ya Lomami ikatangazwa rasmi. Ilikuwa ya tisa nchini, na ya kwanza kuundwa tangu 1992. Inasimamiwa na ICCN, ambayo ni taasisi ya serkali ya kulinda maumbile, pamoja na washirika, na kati yao ni shirika la Wajerumani la Frankfurt.

Sasa tuwatazame walinzi wenyewe. Watu wengi wa mjini wanamuona mlinzi siku anapokamata mzigo, basi. Hawamuoni siku nyingine zote.

Kazi yake inaongozwa na mvua. Huku kwetu kiangazi ni kifupi, hasa mwezi wa sita hadi wa nane. Ndio wakati vijito vinapungua, njia zinakauka, na mtu anaweza kutembea mbali kwa siku moja. Ni wakati mzuri kwa mlinzi, na kwa sababu hiyohiyo ni wakati mzuri kwa mwindaji: kambi haivuji, kuni ni kavu, nyama inakauka vizuri juu ya uchaga. Akina mama nao huingia porini kuziba vijito na kuchota maji kwa beseni hadi samaki wabaki kwenye tope. Upande wa kusini wa parki, ndani ya pori zito, kuna sehemu za majani matupu, visiwa vidogo vya majani ndani ya kisiwa kikubwa cha miti. Kiangazi majani hayo yanashika moto kwa urahisi. Moshi unaonekana mbali, na mlinzi aliye kambini, tuseme pale Katopa, anajua kwamba huko kuna mtu.

Mvua zikirudi, mambo yanageuka. Kijito ulichokiruka kwa hatua moja mwezi wa saba, mwezi wa kumi na moja kinakufika kifuani. Daraja la gogo linachukuliwa na maji. Unatembea umelowa, unalala umelowa, malaria inakufuata. Mchele unaota ukungu ndani ya mfuko. Doria ya siku kadhaa unabeba mgongoni kila kitu: mchele, unga, samaki wa chumvi, sufuria, turubai, dawa, na bunduki juu yake. Habari kutoka nyumbani zinafika kwa fonie, kama betri ina nguvu na kama mawingu yanaruhusu. Mtu anasikia mtoto wake ni mgonjwa Kindu, na kufika Kindu ni siku nyingi: mtumbwi, kisha miguu, kisha pikipiki kama barabara inapitika. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo sijawahi kuisikia katika hotuba.

Kuna hatari pia. Miaka michache kabla ya parki kutangazwa, na hata baadaye, watu wenye bunduki za vita walikuwa wakiwinda tembo kandokando ya Lomami na kutesa wakaaji wa vijiji vya huko, kama Obenge. Kule Virunga hatari hiyo tunaijua kwa hesabu ya makaburi: tarehe 24 mwezi wa nne 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 waliuawa kwa siku moja pamoja na raia. Mlinzi wa Lomami anajua habari hiyo anapoweka begi mgongoni.

Na ndani ya taabu hiyo yote, anahesabu. Hili ndilo linalonivutia kuliko yote, kwa sababu ni akili ya kweli na watu hawaelezwi.

Pori zito halina mahali pa kusimama ukahesabu wanyama kama ng'ombe wa boma. Mnyama anakusikia kabla hujamuona. Kwa hiyo unahesabu alama zake. Bonobo kila jioni anakunja matawi na kujitengenezea kitanda juu ya mti, kila mtu mzima chake, na kesho yake anatengeneza kingine. Kikundi cha walinzi kinafuata mstari ulionyooka kwa dira, kinainua macho, na kila kiota kinachoonekana kinaandikwa: kiko umbali gani kutoka kwenye mstari, majani bado mabichi au yameshakuwa ya kahawia, au kimebaki kijiti tu. Kutokana na hapo watu wa hesabu wanapata wastani wa bonobo wangapi wanatumia pori lile. Tembo anahesabiwa kwa kinyesi chake, kwa njia hiyohiyo. Ila kuna mtego ndani ya hesabu yenyewe: mvua. Wakati wa mvua kiota kinaoza haraka na kinyesi kinayeyuka haraka. Mtu akilinganisha alama za mwezi wa saba na alama za mwezi wa kumi na moja bila kufikiri, atasema tembo wamekufa nusu, na kumbe ni mvua tu iliyofuta. Ndiyo maana mstari uleule unatakiwa utembewe tena katika msimu uleule, mwaka hadi mwaka, na kuoza kwa kinyesi chenyewe kunapimwa. Uvumilivu wa ajabu, mtu mzima kurudi kutazama kinyesi kimefikia wapi.

Wanyama wa aibu wanahesabiwa kwa kamera inayojipiga yenyewe. Inafungwa kwenye mti, mnyama akipita picha inatoka, mchana au usiku. Kwa njia hiyo okapi, tausi wa Kongo na lesula walionekana wakiwa hai, katika shughuli zao, si wakiwa kwenye mzigo wa mwindaji. Mwaka 2014 kima mmoja mdogo ambaye wakaaji wanamuita inoko alitambuliwa pembezoni mwa Lomami. Kabla ya hapo sayansi ilidhani anaishi mbali sana magharibi, na alijulikana kwa vielelezo vichache tu. Tena alitambuliwa kwanza akiwa ameshauawa na mwindaji. Kwa kuwa inoko anajificha katika matawi, watafiti walipanda miti na kufunga kamera juu huko.

Mlinzi anaandika pia alama za mtu: waya wa mtego, ganda la risasi, jivu la kambi, njia mpya iliyokatwa kwa panga. Alama hizo zikiwekwa kwenye ramani, mkubwa wa parki anajua doria ijayo iende wapi. Lakini zinaweza kusema jambo lingine tena, na hapa natoa maoni yangu. Kama upande fulani mitego imeongezeka ghafla, tusiulize tu nani aliiweka. Tuulize ni kijiji gani kimepokea watu, na wamekula nini mwezi huu. Familia zilizofika kwetu kutoka Kivu, na zile zilizotoka ndani ya jimbo letu wenyewe, nyingi hazikuja na jembe wala mbegu. Zimepokelewa na familia ambazo zenyewe zilikuwa na sufuria moja. Pori ndilo duka pekee lisilodai pesa. Hesabu ya mitego, ikisomwa vizuri, ni hesabu ya njaa, na ingefaa ifike mezani kwa wale wanaogawa chakula, si kwa walinzi peke yao.

Katika Kiswahili chetu tunasema nyama kwa kiumbe anayetembea porini, na nyama kwa kilichomo ndani ya sufuria. Neno ni moja. Lakini wanyama hawazai sawa. Mboloko anazaa kila mwaka, kijiji kikimwinda kwa kiasi anarudi. Bonobo jike anazaa mtoto mmoja, halafu inapita miaka minne au mitano kabla ya mwingine. Tembo anabeba mimba karibu miezi 22. Mwindaji mmoja na kartushi chache anaweza kumaliza kwa kiangazi kimoja kikundi cha bonobo ambacho kisingerudi hata mtoto wake akiwa baba. Kufunga uwindaji kwa muda kila mwaka kunasaidia wanyama wa aina ya mboloko. Kwa bonobo kufunga kwa muda hakutoshi, ndiyo maana sheria haimruhusu hata siku moja.

Ningependa hesabu hizi zisomwe radioni kwa Kiswahili, na vijijini kwa Kilanga na Kingengele na Kimbole, kila mwaka, hata zikiwa mbaya. Wazee waliofanya tambiko wana haki ya kujua kama tembo wameongezeka au wamepungua. Leo karatasi zinatoka porini, zinapita Kindu, zinakwenda mbali, na yule aliyeonyesha njia hazimrudii.

Kwa ndugu wapya mlio katika familia za mapokezi, mkiulizwa au mkiuziwa njiani, mjue hivi. Sheria ya uwindaji ni ya mwaka 1982, na ya ulinzi wa maumbile ni ya 2014. Bonobo, sokwe, okapi na tembo hawaruhusiwi kuuawa, kuuzwa wala kufugwa, mwezi wowote, mahali popote nchini. Hata mtoto wa bonobo anayeuzwa kama kitu cha kuchezea watoto. Wanyama wengine wanawindwa nje ya parki kwa wakati uliofunguliwa, na tarehe za kufunga zinatangazwa na wakubwa wa jimbo, ulizeni kwa mkubwa wa kijiji kabla ya kuingia porini. Mkimuona mtu anauza nyama msiyoijua, ombeni kuona mkono na kichwa kabla ya kulipa. Ndani ya mpaka wa Lomami hata mboloko hawindwi, iwe mvua au kiangazi.